Ofa za Meza ya Mbele

Mnenguaji wa bendi mara nyingi hanunui pombe anayokunywa. Wanaomsema kuwa ni mlevi hawalijui hilo, au wanalijua na kulipuuza. Pombe inamfuata yeye. Inatoka meza ya mbele, mhudumu anaileta kwenye trei ikiwa imeshafunguliwa, na aliyeituma amekaa pale akiangalia kama itanywewa. Binti akikataa, ameringa. Aliyeringiwa wiki hii, wiki ijayo hatunzi, na huenda akamnong'oneza mwenye bendi kwamba yule wa kulia ana maringo. Kwa hiyo anapiga funda, anainua chupa juu kushukuru, kisha anarudi jukwaani kwa sebene linalofuata.

Mimi ni fundi cherehani, Kinondoni. Nilianza kushona nguo za jukwaani enzi ambazo kumbi za huku zilijaa Jumamosi mpaka watu wanasikilizia muziki nje ya ukuta. Nikawashonea wanenguaji wa dansi, kisha wa taarabu ya kisasa, kisha madansa wa Bongo Fleva. Siku hizi nina vijana wa singeli wanaokuja na picha kwenye simu na kutaka nguo iwe tayari kesho. Fundi huona mambo ambayo hata daktari haonyeshwi. Mtu akisimama apimwe, unaona plasta mgongoni, goti lililovimba, michirizi mipya tumboni. Na wanaposubiri nguo ya mwisho ipigwe pasi, wanaongea kama vile sipo.

Naandika kwa sababu msanii yeyote akianguka, mazungumzo ya mjini huwa yaleyale: unga, yaani heroini. Februari 2017, orodha za watuhumiwa wa dawa za kulevya zilipotangazwa hadharani hapa Dar, wasanii wakiwemo, wateja wangu walikaa kwenye benchi langu wakihesabu nani katajwa na nani kasahauliwa. Unga nimeuona ukiondoka na watu, nitaufikia. Lakini waliomalizwa na unga ni wachache wakilinganishwa na waliomalizwa na vitu halali vinavyouzwa kwa leseni: pombe ya ofa, kidonge cha maumivu na kidonge cha kunenepesha. Na vyote vitatu viliwafikia wakiwa kazini. Ndiyo maana nachoka nikisikia watu wazima redioni wakilijadili jambo hili kama suala la malezi.

Tazama kazi yenyewe. Bendi inaanza kupiga saa tatu usiku viti vikiwa vitupu, inanoga saa sita, inamaliza saa tisa au saa kumi alfajiri. Mnenguaji hachezi muda wote huo. Anasubiri mashairi yaishe, magitaa yachanganye, rapa aanze kuita majina ya mapedeshee, wale wenye pesa za kutunza, ndipo anatoka. Ni dakika kumi, kumi na tano za kiuno, magoti yamekunjwa na mgongo umeinama, juu ya zege lililotandikwa zulia au mbao zilizogongwa misumari jioni ileile. Kisha anarudi nyuma. Jasho linapoa, misuli inakaza, na baada ya muda anaitwa tena ikiwa imekaza hivyohivyo. Kwenye joto la Dar la Januari, mwili unaofanya kazi nzito unaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa. Nguo zangu nazo zinachangia, maana likra haipitishi hewa, na hakuna anayetaka kunengua na pamba. Nyuma ya jukwaa ungetegemea kukuta maji. Mara nyingi hayapo. Bia zipo.

Halafu Jumapili alasiri kuna bonanza, wachezaji walewale, miguu ileile.

Malipo ndiyo yaliyolifikisha jambo hapa, na haikuwa hivi siku zote. Wazee wa dansi wanakumbuka kwamba NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na leo ndiyo Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Wachezaji wa Kikundi cha Ngoma cha Taifa nao walilipwa na serikali. Vikundi vya taifa vilipovunjwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kuanzishwa mwaka 1981, ngoma ya kulipwa ilihamia baa. Walioishi Dar miaka ya 1990 hawajasahau ushindani wa vikundi vya burudani vya Muungano na TOT. Kisha, kuelekea mwaka 2000, bendi kama Twanga Pepeta, na baadaye FM Academia na Akudo Impact, zikamfanya mnenguaji kuwa kivutio kinachojaza ukumbi, kwa mtindo uliotoka Kongo. Picha yake ndiyo iliyobandikwa kwenye mabango. Kwenye mstari wa malipo akawa wa mwisho.

Sitaji bendi yoyote kwa ubaya, maana utaratibu ni mmoja karibu kote nilikoshonea: posho inategemea mlango, yaani viingilio vya usiku huo. Mlango ukiwa mbaya, posho inageuka nauli. Mlango ukiwa mzuri, kuna gitaa lililoharibika. Kinachobaki ni kutunzwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini waliosema hivyo walikuwa wakiona khanga na senti mbili tatu za shangazi. Pedeshee wa meza ya mbele mwenye ndoo ya bia hawakumkuta. Yeye hutunza kwa anavyotaka. Akitaka noti, noti. Akitaka chupa, chupa.

Wajanja walitafuta njia. Walielewana na wa kaunta kwamba bia ya ofa iletwe na kizibo chake, irudishwe kimyakimya, asubuhi mnenguaji achukue pesa pungufu kidogo ya bei. Binti mmoja wa Manzese alimsomesha mdogo wake chuo cha ualimu kwa bia ambazo hakuzinywa. Ila wenye ofa si wajinga. Waligundua, wakaanza kuagiza ifunguliwe mezani kwao kabla haijapelekwa. Sijawahi kuelewa mtu anayechukia pesa yake isimfae anayemtunza, lakini wapo, na ni wengi.

Kabla ya Machi 2017, serikali ilipopiga marufuku viroba, zile pombe kali za kwenye vifuko vya plastiki, kulikuwa na oda moja niliyoizoea: mfuko mdogo ndani ya mkanda wa sketi, upana wa vidole vitatu. Sikuuliza wa nini. Kiroba kiliingia humo bila kuonekana, kikatoka wakati wa kubadilisha nguo, kikachanwa kwa meno. Marufuku ile ilisaidia, wanaoibeza hawakuwa nyuma ya jukwaa. Pombe kali iliyofungwa kwa kipimo cha mtu aliyesimama dakika mbili ilitoweka, na chupa haifichiki kwenye mkanda. Oda za mfuko ule zikakoma.

Iliyofuata ni enaji, vinywaji vya kopo vya kuchangamsha mwili. Ukimwona dansa kijana leo ameshika kopo, usidhani amekaa salama. Humo ndani mara nyingi kuna konyagi. Kafeini haipunguzi pombe kwenye damu. Inachofanya ni kumficha mtu ulevi wake mwenyewe, akajiona mkavu, akaongeza. Moyo unaambiwa ukimbie na kichwa kinaambiwa kilale. Halafu singeli nayo ina mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mwili hauwezi kuifuata kwa maji ya kunywa tu, au ndivyo vijana wanavyoniambia.

Bangi ipo, ya kutosha, hasa kwa wanaume na kabla ya mazoezi. Sina jipya la kuongeza.

Twende duka la dawa. "Dokta, nipe diklopa nne." Anayeitwa dokta ni muuzaji, na hana sababu ya kuuliza kwa nini, maana anayeomba anatembea kwa miguu miwili na ana pesa mkononi. Diklofenaki ni dawa nzuri. Mimi mwenyewe mgongo ukinishika kwa kuinamia cherehani huimeza, siku mbili, baada ya chakula, basi. Mnenguaji anaimeza saa mbili usiku na tumbo tupu, kwa sababu tumbo lililoshiba halikati mauno vizuri, halafu juu yake inateremka ofa ya meza ya mbele. Dawa hiyo hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani za mwili. Kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo, na ndizo zinazosaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Sasa weka pamoja: kinga ya tumbo imeondolewa, pombe inachubua, jasho limekausha mwili, figo zinapata damu kidogo. Kwenye benchi langu neno "vidonda" linatajwa mara nyingi kama mahali pengine panavyotajwa malaria. Wapo waliotapika damu. Figo hazisemi mapema, ndiyo shida yake.

Kuna jingine kuhusu kidonge hiki, na hili niliona kwa futi yangu. Kijana mmoja wa Tandika, dansa wa msanii mkubwa tu, aliumia goti mazoezini siku chache kabla ya ziara ya mikoani. Kukaa maana yake ni nafasi yake kuchukuliwa na mwingine, na anayechukua nafasi harudishi. Akawa anachomwa sindano ya maumivu asubuhi ya kila shoo, anacheza jioni, gari linaondoka usiku. Aliporudi Dar alikuja na suruali nilizomshonea akataka nipunguze mguu mmoja tu, wa kulia. Nilidhani ananitania. Nilipopima, paja la kulia lilikuwa limepungua wazi kuliko la kushoto. Goti linapoumia, msuli wa juu yake hunywea. Ungepata mazoezi ya tiba ungerudi, lakini yeye alikuwa amezima kengele na kuendelea kuruka. Nilimpunguzia. Angevaa nini?

Diklo ikishindwa, mtu mwema huleta tramadoli. Hiyo si ya kuuzwa bila cheti cha daktari, na ni ya ukoo mmoja na heroini ingawa ni dhaifu zaidi. Kipimo kikizidi huleta degedege. Nimesikia visa viwili vya mtu kuanguka degedege mazoezini, na mara zote mbili wenzake walisema ni mapepo.

Sasa kidonge cha kunenepesha. Hapa nitakaa, kwa sababu ndicho kinachoniuma zaidi na ndicho kisichozungumzwa kabisa.

Kazi hii inataka mwili wa aina moja: kiuno chembamba, nyonga za kujaa, makalio yanayotetemeka gitaa likilia. Ukiwa huna, unakaa mstari wa nyuma. Kulikuwa na wakati watu walipaka na kumeza vitu vilivyosemwa ni vya Kichina, makalio yakaitwa mchina, mji mzima ukacheka. Kicheko kikapita, vidonge vikabaki. Vinavyomezwa sana ni viwili, na hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kimoja ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo huleta usingizi na njaa kali. Cha pili ni deksamethasoni, wenyewe wanaita deksa. Hospitalini deksa ni dawa ya mambo mazito: uvimbe ndani ya kichwa, mzio mkali, mapafu ya mgonjwa mahututi wa korona. Mtaani inakatwa vidonge vichache vichache, inafungwa kwenye karatasi, na binti anaambiwa ameze asubuhi na jioni mpaka aone matokeo.

Matokeo nayajua kwa sababu nina daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, paja, mkono. Binti anakuja anafurahi kwamba ameongezeka, na kweli ameongezeka. Nikipima, nyonga zimesogea kidogo. Kilichosogea ni kiuno, yaani tumbo, kilekile alichohitaji kibaki chembamba. Uso umejaa na kuwa duara. Mikono na miguu imebaki vilevile au imekuwa myembamba zaidi. Nyuma ya shingo kuna kinofu kinachoinua kola, zipu ya mgongoni haifiki juu. Dawa hii ndivyo inavyogawa mafuta: usoni, shingoni, tumboni. Makalio haiyajali. Nimewaonyesha baadhi yao daftari, ukurasa kwa ukurasa, nikawaambia, "Mwanangu, ona hapa, umelipia tumbo." Mmoja alinijibu kwamba bado halijashuka chini, eti linaanzia juu.

Ningefurahi kama lingeishia kwenye zipu. Deksa ya muda mrefu hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, hushusha kinga. Na ina mtego wa kutokea. Mwili hutengeneza homoni ya aina hiyo wenyewe, kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Ukiuletea ya vidonge kila siku, tezi zinalala. Ukiacha ghafla siku pesa ilipoisha, tezi bado zimelala, na mtu anabaki bila chochote: kutapika, kuishiwa nguvu, presha kuanguka, kuzimia, hata kufa. Kwa hiyo unayesoma na umeitumia kwa wiki nyingi, usiitupe leo kwa kusoma haya. Nenda hospitali, sema kweli, upunguziwe taratibu. Watakusema kidogo. Vumilia.

Mimi nauza sponji, kwa hiyo nina maslahi hapa, msomaji ajue. Nakata sponji kwa mshazari, naishonea kwenye bukta ya ndani, nyonga zinapatikana jioni moja na zinavuliwa usiku. Ubaya wake ni joto. Wateja wananiambia ubaya mwingine: sponji haitetemeki. Nimejaribu sponji laini, nimejaribu kuchanganya na pamba, nimekubali kwamba nyama ina ufundi wake.

Nilipoanza kusoma habari za madansa wa nchi nyingine nilitaka kuona kama wao wana fundi anayelalamika kama mimi. Kwenye baleti mambo ni kinyume kabisa: mwili unaotakiwa ni ule usio na nyonga, mifupa ionekane. Huko kinachotafutwa ni kuua njaa, kwa hiyo sigara, kwa hiyo kokeini. Gelsey Kirkland, aliyekuwa nyota wa American Ballet Theatre ya New York, alieleza mwaka 1986 jinsi alivyojinyima chakula na jinsi kokeini ilivyomtawala akiwa kileleni mwa kazi yake. Mwaka uliofuata, Desemba, Patrick Bissell, dansa mkuu wa kampuni hiyohiyo, alikufa kwa dawa za kulevya akiwa na miaka 30. Hao walikuwa na mishahara, mikataba, madaktari. Niliposoma hayo, niliacha kuamini kwamba fedha peke yake itamaliza jambo hili kwetu. Lakini pia sikubali kuambiwa kwamba haina maana. Bissell alikuwa na mahali pa kupelekwa kutibiwa. Wateja wangu walikuwa na mimi na benchi.

Kuna jambo nililielezwa na daktari wa mifupa ambaye mkewe ni mteja wangu. Kichwa cha mfupa wa paja, kile kiduara kinachokaa ndani ya nyonga na ambacho ndicho hasa kinachozunguka mtu akikata mauno, kinalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Mishipa hiyo ikiziba, mfupa unakufa ukiwa ndani ya mtu mzima anayetembea, kisha unabonyea. Nilimuuliza husababishwa na nini. Akasema mbali na ajali, sababu mbili kubwa ni dawa za jamii ya deksa na pombe nyingi ya muda mrefu. Akaongeza selimundu, ambayo Tanzania tunayo kwa wingi. Nilinyamaza nikahesabu kichwani ni wangapi kwenye daftari langu wana mbili za kwanza pamoja. Dalili yake ya mwanzo ni maumivu ya kinena. Mnenguaji mwenye maumivu ya kinena anafanya nini? Anaenda kwa dokta wa duka, anaomba diklopa. Mfupa ukishabonyea, tiba ni kuwekewa nyonga ya bandia. Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili wanafanya upasuaji huo, lakini ni mamilioni ya shilingi, na wateja wangu wengi hawana kadi ya bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wengi wao bado wanatibiwa kwa mchango wa kundi la WhatsApp.

Unga, sasa.

Heroini ilifika Dar kwa bahari na ikapata vijiwe vyake kabla wengi wa wateja wangu hawajazaliwa. Kwa mnenguaji, niliyoyaona yanafanana: haingii kwa starehe, inaingia kwa usingizi. Umeshuka jukwaani saa kumi alfajiri, makopo ya enaji yako mwilini, masikio yanalia, mwili umechoka na macho yamekataa. Anatokea mpenzi, mara nyingi naye ni wa bendi au wa kuzunguka bendi, ana kokteli, yaani bangi na tumbaku iliyonyunyizwa unga. Unalala vizuri kuliko ulivyowahi kulala. Kesho hivyohivyo. Siku kokteli isipokuwepo, mafua, tumbo, mifupa inauma, mwili unatetemeka: arosto. Hapo unavuta ili uweze kusimama tu.

Ray C, mwimbaji ambaye mji ulimpa jina la kiuno bila mfupa, alipotoka hadharani kueleza uteja wake na matibabu yake, na ikajulikana kwamba Rais Kikwete alimsaidia, wateja wangu wawili waliniuliza kwa sauti ya chini dawa hiyo anayopewa inapatikana wapi. Dawa ni methadoni. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, na hutolewa bure. Inakaa kwenye ubongo palepale heroini ilipokuwa ikikaa, inaondoa arosto kwa takriban siku nzima, na kwa kipimo sahihi mtu haleweki. Anafanya kazi, analea watoto. Huo si uvumi. Nina mmoja anayekunja pindo kwenye kibanda changu hivi ninavyoandika.

Lakini methadoni kwa kawaida humezwa kila siku, mbele ya muuguzi, asubuhi. Sasa pangilia: umelala saa kumi na moja, kliniki asubuhi. Bendi inaenda Mwanza, kisha Bukoba. Huyu wa kwangu alimweleza kiongozi wa bendi ukweli na kuomba asisafirishwe, acheze shoo za Dar tu. Jibu lilikuwa achague. Akachagua kliniki, na kwenye mji huu unaopenda sana kuwasema mateja sijasikia mtu akimsifu kwa hilo. Anasema wanawake pale foleni ni wachache, wanaume wamejaa. Wanawake wanaogopa kuonekana, na wenye watoto wanaogopa zaidi. Mijadala mingi ya maadili ya wanenguaji niliyosikia imehusu urefu wa sketi ninazoshona.

Wiki iliyopita alikuja kiongozi wa kikundi kipya kinachocheza mahotelini na kwenye harusi, kijana msafi, ana risiti za kampuni. Alitaka magauni sita. Nilipokuwa napiga hesabu ya kitambaa nikamuuliza na yeye maswali. Maji yapo nyuma ya jukwaa? Wanakula saa ngapi? Akiumia mtu, posho inaendelea? Ofa zikija? Akasema chakula wanakula baada ya shoo kama kimebaki, akiumia mtu anapumzika, na ofa ni riziki ya mtu, haingilii.

Nikamwambia aingilie. Aandikiane na ukumbi kwamba ofa yoyote kwa dansa inalipwa kaunta kwa pesa kamili na dansa anapewa maji kwenye glasi. Mwenye meza atainuliwa glasi, hataonja kilichomo. Chakula kiliwe muda wa saa mbili kabla shoo haijaanza. Wiki tatu za posho kwa mwenye cheti cha hospitali.

"Dada," akacheka, "mbona unanianzishia chama cha wafanyakazi?"

Nikamuuliza kama anajua NUTA Jazz ilikuwa bendi ya nani. Hakujua. Nilipomwambia, akasema enzi hizo serikali ilikuwa na hela. Nikasema hela ilikuwa ya wafanyakazi, siyo ya serikali, akasema ni yaleyale. Suala la kaunta alikubali kulizungumza na mwenye ukumbi, tena alilipenda, maana na yeye ataweza kuchukua asilimia. Maji alisema hakuna shida. Posho ya majeruhi haahidi, madansa watajifanya wanaumwa. Akaniachia malipo ya magauni mawili kati ya sita, akataka yote yawe tayari Ijumaa, na mawili kati yake yawe na sponji.